Gari Lisilo na Mlio

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Bwana Respicius alichomoa waya jikoni kwake Makole, akauviringisha, akauweka nyuma ya kiti na kwenda kuangalia mizabibu yake. Gari lilikuwa jeupe, la viti viwili, refu kuliko kitanda kwa hatua moja tu. Lilitumia umeme. Aliyelileta Dodoma alikuwa mtaalamu wa maji kutoka Ulaya, na mradi wake ulipofungwa mwaka 1996 alipanda ndege akaliacha uani. Siku ya mnada watu waligombea Landrova, majokofu, hata mapazia. Zamu ya gari la umeme ilipofika, mkono ulioinuka ulikuwa mmoja.

Mwaka wa kwanza alijifunza tabia zake. Halikuwa na mlio. Mbuzi hawakulipisha njia, na wanawake wenye ndoo kichwani waliendelea kutembea katikati ya barabara huku yeye akiwafuata taratibu kama aliyetumwa kuwasindikiza. Trafiki mmoja alimwambia aliwashe alikague. Akajibu kwamba limeshawaka. Trafiki akainama, akasikiliza, akaandika kwenye fomu "injini haisikiki", akagonga muhuri. Kwenye miteremko betri ilijirudishia kidogo, kwa hiyo Bwana Respicius aliipenda miteremko kwa dhati. Upepo wa mbele aliuchukia, na Dodoma upepo hauishi. Betri ikijaa, gari lilikwenda kilomita hamsini, hali ya hewa ikikubali.

Kazini alikuwa karani mkuu wa masjala. Alihamia kutoka Bukoba mwaka 1983, na kwa miaka kumi na minne mafaili yote ya idara yalipita mikononi mwake. Aliamini kwamba jambo lisilo na barua halijatokea. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi katika habari hii.

Shamba lake la zabibu lilikuwa katika kijiji cha Chinyambwa, kilomita ishirini na mbili kutoka mjini. Jumamosi moja ya Oktoba 1997 upepo ulivuma tangu asubuhi, na alipokuwa anarudi gari lilizima mbele ya tembe la Mama Paulina, mjane wa Matonya. Mama Paulina alikuwa uani anapepeta uwele. Alilitazama gari, kisha akamtazama mwenye gari.

"Mbukwa," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mnyama wako amechoka."

"Umeme umekwisha, mama. Hili linakwenda kwa umeme."

Desturi ya pale ni kwamba mgeni akifika na mnyama, mnyama hunywa kwanza, mwenyewe atasubiri. Mama Paulina aliuliza gari linanyweshwa kwa wapi, akaonyeshwa waya. Aliuchukua, akaingia nao ndani, akauchomeka ukutani. Taa ndogo ya kijani karibu na usukani ikawaka.

Bwana Respicius aliinama akaingia kuangalia. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na meno matatu ya plagi yalikuwa yamezama katikati ya msalaba uliochorwa kwa chaki. Alitaka kujua msalaba ule ni wa nini, na Mama Paulina akamweleza huku akiendelea kupepeta. Mwaka 1986, njia kuu ya umeme kutoka bwawani ilipopita hapo, nyumba yake ya kwanza ilivunjwa kwa sababu ilikaa mahali palipotakiwa nguzo ya chuma. Akasogezwa hatua mia mbili, akajenga tena. Ofisa mwenye miwani aliingia katika nyumba mpya, akatoa chaki mfukoni, akachora msalaba, akasema umeme wao utafikia hapo. Nyaya zikapita juu ya paa kwenda mjini. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua, Mama Paulina alikandika ukuta upya, akiuzunguka msalaba kwa kidole asiuguse.

"Kumbe ulifika," alisema, akiitazama taa ya kijani kwa kupitia mlangoni. "Hawakutuambia tu."

"Utakuwa ulifika siku nyingi, mama," alisema Bwana Respicius. Betri ilikuwa inajaa haraka kuliko mjini, na umeme haukukatika hata mara moja. Alikubali kibuyu cha togwa, akakaa kwenye kigoda kivulini.

"Basi baba, ukija tena niletee globu. Moja tu, ya chumbani."

Alimwambia na sababu. Binti yake mkubwa, Edina, alikufa katika chumba hicho hicho mwaka 1991 wakati anajifungua. Kibatari kiliishiwa mafuta, na mkunga hakuona damu inatoka wapi. Sasa mdogo wake, Raheli, alikuwa na mimba, na mtoto angezaliwa Machi, wakati wa mvua. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo likijaa hakuna anayevuka. Mume wa Raheli alikuwa Kibaigwa anabeba magunia ya mahindi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mama Paulina hakuomba hospitali wala barabara. Aliomba globu ambayo mkunga angeangalizia.

Bwana Respicius alihuzunika, na alihuzunika kweli. Jumatatu ile alisimama mbele ya duka pale Majengo, akaishika globu mkononi, akaigeuza. Kisha akairudisha akanunua sabuni. Kuunganisha umeme bila kibali ni kosa, na yeye hakuwa mtu wa kumtia mjane matatani. Kuhusu gari lake hakuwa na wasiwasi. Gari lilikuwa mgeni, na mgeni alikuwa amekaribishwa.

Akaandika barua. Aliipa namba ya kumbukumbu, akaipitisha kwa mtendaji wa kijiji na kwa diwani, akaeleza ukuta ulivyo, umeme ulivyo mwingi na usivyokatika, na mwishoni, katika aya ya sita, akaomba Mama Paulina aruhusiwe kuwasha taa moja. Alitoa nakala nne. Ilikuwa barua nzuri. Kwenye masjala waliisoma wakasema hakuna kilichosahaulika.

Kila Jumamosi aliliegesha gari mbele ya tembe, akauingiza waya mlangoni, akaenda kupogoa mizabibu yake. Jioni alikuta betri imejaa.

"Taa yangu, baba?" Mama Paulina aliuliza.

"Barua iko njiani, mama."

Novemba ikapita, Desemba ikapita. Raheli alipenda kukaa ameegemea ukuta karibu na plagi, kwa sababu pale palikuwa na joto na mgongo ulimuuma. Siku moja alisema, "Kaka, si ungeileta tu? Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu Bwana Respicius, na njia nzima ya kurudi mjini alijiona mwadilifu.

Januari barua ilizaa. Alikuja mhandisi anayeitwa Fabian, na kipima umeme katika mkoba wa ngozi. Alichomeka sindano mbili kwenye msalaba, mshale ukaruka hadi mwisho, akaandika tarakimu katika daftari. Akarudia mara tatu ili apate wastani.

"Mama, mmekaa na umeme huu miaka kumi na moja?"

"Tumekaa na msalaba," alisema Mama Paulina. "Umeme tumeujua alipokuja mgeni."

Fabian aliandika na hilo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji. Kinu kilipata wake, hoteli ikapata wake, ranchi ikapata wawili wakagombana. Ukuta wa Mama Paulina ulipata wake katika wiki tatu. Mwanzoni mwa Februari tembe lilizungushiwa uzio, ukatundikwa ubao wenye fuvu na mifupa, na nyaya nne nene zikapandishwa kutoka kwenye msalaba hadi kwenye nguzo ya chuma, umeme ukaunganishwa na mwingine kwenda mjini. Mama Paulina na Raheli walihamishwa kwa ajili ya usalama wao. Walisogezwa hatua mia tatu, upande wa bondeni. Majirani waliwajengea kijumba cha haraka, na kabla udongo haujakauka Fabian aliingia, akatoa chaki, akachora msalaba ukutani.

"Umeme wenu utafikia hapa," alisema.

Raheli alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Fabian alijifanya anafunga mkoba wake.

Bwana Respicius alipata nakala ya majibu. Ilimshukuru kwa uzalendo wake. Haikutaja aya ya sita. Aliisoma mara mbili akiitafuta, akaona aibu, kisha akaiweka katika faili lake binafsi. Gari liliruhusiwa kuendelea kunywa pale pale kwenye tembe la zamani, sasa kwa utaratibu. Mlinzi alikuwa Batholomeo, jirani wa Mama Paulina, aliyepewa kofia, kitabu na muhuri. Gari likiingia liliandikwa, na halikutoka mpaka liandikwe na kugongwa muhuri. Geti lilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kati ya vijiti viwili.

Jumamosi ya pili ya Machi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na korongo lilisikika hadi barabarani. Jua lilikuwa linazama Mama Paulina alipotokea uzioni kutoka bondeni, kanga imeroa, bila viatu.

"Raheli ameshikwa tangu mchana," alisema. "Damu inatoka na mkunga haoni. Kibatari hakitoshi. Lete gari, baba, uelekeze taa zake mlangoni."

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Mama Paulina aligeuka akakimbia kurudi. Bwana Respicius alichomoa waya, akaingia ndani ya gari, akalisogeza hadi kwenye kamba. Batholomeo alikuwa ameshika kitabu. Aligonga muhuri na karatasi ikabaki nyeupe.

"Wino umekauka, mzee. Ngoja kidogo, niutafute."

"Fanya haraka, Batholomeo. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Lakini kitabu kinakaguliwa Jumatatu."

Akaingia kwenye tembe kutafuta wino. Bwana Respicius aliitazama kamba. Gari lingeipita bila hata kukwaruzika, na mtu mzima angeifungua kwa mkono mmoja. Alishika mlango kama anayetaka kushuka. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kutoa faili masjala bila sahihi, si kwa ajili ya mkurugenzi, si kwa ajili ya mtu yeyote. Akauachia mlango. Batholomeo alitafuta, akakosa, akaitemea mate pedi ya muhuri, akaisugua kwa kidole gumba, akagonga mpaka duara likaonekana. Bwana Respicius ndiye aliyejaza saa ya kutoka kwa mwandiko wake mzuri. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita.

Aliliteremsha gari bondeni na kulisimamisha mbele ya kijumba. Taa zikaingia mlangoni, zikafika hadi ukuta wa nyuma, chumba kizima kikaonekana. Mtoto alikuwa analia katika kitenge. Alikuwa wa kike. Mkunga alimwinamia Raheli, akaona sasa damu ilikuwa inatoka wapi. Ilikuwa imekwisha kutoka.

Hakuna aliyemlaumu Bwana Respicius, na afadhali wangemlaumu. Alisimama kando ya gari, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea. Alisema pole. Alipoisema mara ya tatu Mama Paulina alitoka nje.

"Usizime," alisema. "Tumuoshe tunamwona. Dada yake tulimuosha gizani."

Taa hazikuzimwa. Walimuosha, wakamfunika, wakamfunga kitambaa kichwani, na walipomaliza mwanga ulianza kuwa wa njano, ukafifia, ukakatika. Mama Paulina alifungua mlango wa gari, akatoa waya nyuma ya kiti, akaingia nao ndani. Alipapasa ukuta mpaka akaupata msalaba, akachomeka. Karibu na usukani taa ya kijani ikawaka.

"Linywe," alisema. "Limefika kwangu limechoka."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na betri ilikuwa imejaa. Majirani walikaa nje kwenye majamvi. Mtu mmoja alikuwa ametumwa Kibaigwa kumtafuta mume, na wanaume wawili walikuwa wanachimba kaburi upande wa juu, ambako maji hayafiki. Mama Paulina alikaa mlangoni na mtoto mapajani, mgongo wake ukielekea barabarani. Bwana Respicius alitaka kumwambia kwamba safari hii hatamwandikia mtu yeyote, na kwamba kesho yake ataleta globu, ataleta hata mbili. Alizunguka gari mara moja. Kisha akaona hapakuwa mahali pa kusema maneno hayo, akauchomoa waya polepole, akauviringisha, akaondoka.

Jioni mtoto alikohoa, na Mama Paulina alitoka naye nje kuomba taa za gari ili amwangalie kooni. Gari halikuwepo. Aliuliza limeondoka saa ngapi, na katika watu wote waliokaa pale tangu asubuhi hakuna aliyelisikia.