Joto la Kifua cha Lali

Mayai ya viwavi wa hariri yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha, wakia moja tu, yameshonewa ndani ya kifuko cha kitani. Shangazi Noémie akamfungua Eulalie vifungo vya gauni, akakilaza kifuko katikati ya kifua, akakaza utepe mpaka mtoto akakohoa.

"Sikiliza, we Lali. Siku kumi. Hukimbii, hunyanyui ndoo, hugombani na mtu. Ukilala, lala chali. Umenisikia?"

"Abee, shangazi."

"Viwavi wakitoka salama, hapa ni kwenu. Wakiharibika, nguo zako zimo kwenye lile furushi, na mkokoteni wa masista unapita kila Jumatatu."

Lali alilijua furushi. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango tangu alipozikwa baba yake, miezi miwili sasa, na hakuna aliyelifungua. Kiwanda cha masista alikijua zaidi. Kule bondeni mayatima walikaa mbele ya masufuria ya maji yanayotokota, wakitafuta ncha za uzi wa hariri kwa vidole vitupu. Mama yake alikulia huko. Lali aliikumbuka mikono ya mama, imechubuka, haina kucha, haiwezi hata kushika sindano.

Milimani kule kila nyumba ilifanya hivyo ikifika Aprili. Moto wa jikoni hauaminiki, mara umepanda, mara umeshuka. Mayai ya hariri yanataka mwili wa mtu. Shangazi aliyabeba miaka ishirini mpaka akasema damu yake imepoa, akamwachia binti yake. Binti naye kaolewa ng'ambo ya mlima. Kabaki nani? Kabaki yatima mwenye miaka kumi na mmoja.

"Hako kafupa ndiko unakotegemea kaangue?" Bibi Castanet aliuliza. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na mdomo ulikuwa haumkai. "Hata kuku angekuonea haya, Noémie."

"We cheka tu, mama. Tutaonana mwisho wa mwezi."

Lali hakucheka wala hakununa. Alitembea kwa hatua fupifupi kama bibi harusi, mkono mmoja kifuani, na akila mkate alitafuna polepole asije akayatikisa.

Siku ya tano ikaanguka jalidi, umande ulioganda kwa baridi. Kulipopambazuka watu walisimama nje na nguo za kulalia wakitazama miforsadi yao: machipukizi yote meusi, yamebabuka. Kiwavi wa hariri hali kitu kingine ila jani la mforsadi. Akitoka leo na jani litoke wiki ijayo, basi, amekwisha.

"Yacheleweshe," Shangazi alimwambia Lali palepale nje, meno yakigongana kwa baridi. "Shali vua. Motoni usisogee. Kifuko kishushe tumboni, juu ya sketi. Wakitoka kabla ya majani..." Alitazama mlangoni, kwenye furushi, akaingia ndani.

Mchana wake Lali akaanza kutetemeka, kisha mashavu yakawaka. Alipokigusa kifuko kilikuwa na moto kama mkate uliotoka tanurini. Akaogopa mno. Homa hii itawatoa viwavi, alijua. Akisema anaumwa, kifuko atapewa mjukuu wa Bibi Castanet, na Jumatatu iko mlangoni. Asiposema, viwavi watatoka na kufa, na Jumatatu ni ileile.

Basi maskini ya Mungu akatafuta dawa yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito cha maji ya theluji. Alikishika kifuko juu kwa mkono mmoja, akaingia mpaka kiunoni, akasimama akihesabu mpaka mia mbili. Joto likashuka. Baada ya saa moja likarudi, naye akarudi majini. Mara tatu kwa siku, siku saba! Na hakuna mtu mzima hata mmoja katika nyumba ile aliyejiuliza kwa nini sketi ya mtoto hailali kavu. Siku ya nne ya kuingia majini miguu iliacha kuuma, Lali akafurahi akidhani anapona.

Majani yakachipua. Shangazi alifungua kifuko akakuta mayai yamegeuka meupe, na kesho yake asubuhi kitani chote kikawa kinatambaa viwavi weusi, wembamba kama nywele zilizokatwa. Hakuna hata yai moja lililoharibika. Shangazi alipiga kelele hadi akaja jirani. Shangazi akautia mkono wake kifuani kwa Lali.

"Yesu na Maria! Joto gani hili! Njoo uguse, mama, wewe uliyecheka."

Bibi Castanet akagusa. Akautoa mkono upesi. "Noémie, huyu mtoto anachemka. Ana homa."

"Homa ya wapi? Miaka ishirini nimebeba mayai, sijui joto la mayai? Damu changa hiyo!"

Bibi Castanet alifungua mdomo. Sasa, viwavi wake yeye walitoka mapema, wakafa wote, na nyumbani alikuwa na wakia nyingine ya mayai, mpya, baridi kama changarawe. Alimtazama mtoto, akamtazama tena. Mdomo ule ambao siku zote haukai, siku hiyo ulikaa.

"Basi na yangu," akasema taratibu, "atanibebea?"

Kufikia adhuhuri Lali alikuwa kitandani na mifuko mitatu kifuani, kwa maana majirani wengine wawili nao walisikia. Shangazi alilishusha furushi, akalifungua, akalitundika gauni la Jumapili la Lali kwenye msumari, kando ya gauni lake mwenyewe.

"Hapa ni kwenu, mwanangu. Na mwakani utabeba tena."

Mwanangu! Hakuwahi kuitwa hivyo tangu baba afe. Lali alilia kwa furaha, nayo ilikuwa furaha ya kweli. Kila kikohozi kilipomjia aliizuia mifuko kwa viganja vyote viwili isitikisike. Kiu ilimkausha ulimi, lakini alikuwa ameambiwa asiinuke, na alikuwa hataki kusumbua watu kwao.

Asubuhi ya siku ya nne tangu Lali alazwe na mifuko ile, Shangazi aliingia na kikapu cha majani, akatia mkono chini ya blanketi kama kawaida yake.

"Yamepoa!" akapiga ukelele. "Mama Castanet! Lete shali, lete tofali la moto! Mayai yamepoa!"

Akazikata tepe kwa meno, akaichomoa mifuko yote mitatu, akaisukumiza kifuani mwake mwenyewe na kuikumbatia kwa nguvu, akiipulizia pumzi. Bibi Castanet aliingia mbio na shali. Akasimama. Alikuwa anatazama kitandani.

"Noémie," akasema. "Yamepoaje?"

Hapo ndipo Shangazi alipogeuka. "Lali?" akaita. "Lali, mwanangu?" Akaita tena, sauti ikizidi kuwa ndogo, na mikono yake yote miwili ilikuwa bado imeibana mifuko.