Aliyenukuu Ili Akanushe

Himmat alivuka barabara simu ikiwa mkononi, akaiweka juu ya mizani ya duka la Mujtaba kama mtu anayekabidhi ushahidi mbele ya kadhi.

"Mujtaba bhai, kumbe mchele wa rafiki yako unapakwa mafuta ya injini? Miaka yote hii tunaula hapa Iringa, hata kuninong'oneza hukuninong'oneza!"

"Nani kasema hayo?"

"Wewe."

Mujtaba akavaa miwani. Kiooni palikuwa na picha ya ukurasa wa Baraza la Nafaka, jukwaa la mtandaoni ambamo wafanyabiashara wa nyanda za juu hujadili mvua, bei na ubora wa mazao. Juu palisimama jina lake kamili, na chini ya jina hilo maneno haya: "Mashine ya Ambrosi wa Ubaruku huchanganya mchele mkuukuu ulioliwa na fukusi, kisha huupaka mafuta ya injini ili ung'ae." Picha ilikomea hapo.

Maneno aliyajua, wala hayakuwa yake. Yaliandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia, naye Mujtaba, kwa ghera ya urafiki, akayanukuu ili ayakanushe. Alifanya kama alivyofunzwa utotoni msikitini. Maalimu wake aliwakataza kumrudi mpinzani kabla ya kuieleza hoja yake neno kwa neno, bila kupunguza wala kuchuja. Afanyaye kinyume, alisema maalimu, amemdhulumu hasimu na ameidhulumu haki. Basi Mujtaba akauleta uzushi ule mzima mzima, na chini yake akapanga jibu refu lenye hoja na ushahidi, lililofungwa kwa dua. Lakini simu za watu zilionyesha mistari ya mwanzo tu. Aliyetaka kusoma zaidi alipaswa kubonyeza, na watu hawakubonyeza.

Mzushi, alipoona anajibiwa, akalifuta andiko lake akatoweka. Ukabaki uzushi umehifadhiwa mahali pamoja, ndani ya andiko la Mujtaba, chini ya jina la Mujtaba. Wengine wakamnukuu yeye, na kwa kuwa jibu lilikuwa refu, wakalikata.

Alimpigia simu Gwakisa, msimamizi wa jukwaa, aliyekuwa Mbeya mjini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nakuomba unifutie lile andiko."

"Nikilifuta, na utetezi wako unakwenda nalo. Halafu hawa waliokunukuu nitawafanyaje? Mmoja kakunukuu wewe, wa pili kamnukuu huyo, wa tatu kamnukuu wa pili. Imekuwa kitunguu, mzee, maganda juu ya maganda. Na picha zimeshahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, huko mimi sina mkono."

"Basi watangazie kwamba maneno si yangu."

"Nimetangaza tangu asubuhi. Wanasema umenihonga mchele. Tena ule ule wa mafuta."

Kesho yake Mujtaba alipanda basi la kuelekea Mbeya. Liliposimama Nyololo, abiria wakashuka kujinyoosha. Yeye alibaki kitini na simu yake. Chini ya kila nukuu aliandika: "Si maneno yangu, tafadhali someni mpaka mwisho." Hakujua kwamba kila alipoandika, mjadala ulipanda tena juu ya ukurasa na kuwafikia ambao walikuwa hawajauona. Alipogundua, basi lilikuwa limeshaiacha Makambako nyuma, na uzushi ulikuwa umeongezewa nguvu na mkono wake mwenyewe. Akaizima simu. Akamwomba Mola msamaha kwa sauti, hata jirani yake akamtazama.

Alishuka njiani, akachukua gari dogo hadi Ubaruku, kulikokuwa katikati ya mavuno. Matrekta yaliyosheheni magunia ya mpunga yalipita mbele ya lango la Ambrosi, wala hakuna lililokata kona. Uani maturubai ya kuanikia yalikuwa yamekunjwa, na mashine ya kukobolea, ambayo miezi kama ile haikujua mapumziko, ilikuwa kimya. Ambrosi alikuwa amekaa kizingitini peke yake.

"Kamwene, sheikh."

"Kamwene, ndugu yangu."

Wakapeana mikono, na hakuna aliyetangulia kuuachia wa mwenzake.

"Hata kanisani mtu kaniuliza," Ambrosi akasema, "kwamba mafuta yenyewe ni ya petroli au ya dizeli."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ya alizeti. Hakucheka." Akasogea ampishe mgeni. "Nimelisoma jibu lako lote, mpaka dua. Wewe hata salamu unaiwekea utangulizi! Lakini, Mujtaba, yule aliyeandika kwanza, nani alikuwa anamjua? Hana jina, hana uso. Maneno yake yangekufa pale pale. Watu wameyaamini kwa sababu yametoka kwako. Wanasema Mujtaba hasemi uongo."

Mujtaba akaketi kando yake. "Niambie nifanye nini. Lolote. Niende nikasimame sokoni? Niwalishe watu mchele wako kwa mikono yangu?"

"Watasema tumepanga. Msimu huu ukipita hivi, mashine hii haifunguki tena." Ambrosi akainamisha kichwa. "Ukisema hukusema, wanaona unaogopa mahakama. Basi sema ulisema. Sema ulinizulia."

Huko Iringa, Mujtaba ndiye aliyeitwa kushuhudia nikaha, na waliogombana walikubali kauli yake bila ya kiapo. Mtu aliyekiri kumzulia mwenzake, nani angemweka tena kuwa shahidi? Na hilo lilikuwa la wanadamu tu. Lipo la Mola. Alijua kwamba wanazuoni wameruhusu neno lisilo kweli kwa ajili ya kuwasuluhisha watu. Je, wameruhusu mja ajizulie nafsi yake? Hilo hakulisoma popote, na waliomsomesha walikuwa makaburini.

Adhuhuri ilipoingia alitandika turubai, akaswali. Sijida yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno, hata Ambrosi akainuka kutazama kama mzee yu salama. Mujtaba aliinuka bila jibu.

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kukupigia simu."

Akaiwasha simu. Aliandika kwanza maelezo: sababu, majuto, ombi la radhi. Ambrosi akasoma begani kwake.

"Watakata."

Akafuta. Akaandika upya kwa kifupi, akasoma, akaona mahali ambapo mkono mbaya ungeweza kuchukua nusu na kuacha nusu. Akafuta tena. Akapunguza neno baada ya neno, kama alivyopunguza mizani za mashairi ujanani, mpaka pakabaki maneno mawili: Nilimzulia Ambrosi. Hapakuwa na pa kukata. Akasoma bismillahi, akaona haya kuimaliza, akatuma jukwaani.

Nukuu ya kwanza ikaja punde, maneno yote mawili kamili, na chini yake tusi. Ikaja ya pili. Katika ya tatu mtu aliapa kwamba mzee huyu siku zote alikuwa mnafiki. Ambrosi alianza kuzisoma kwa sauti, akashindwa, akaitazama barabara.

Kisha simu ikaita. Alikuwa Noorjahan, mkewe, akizungumza kutoka dukani.

"Baba Nazia, Himmat amenisomea kitu hapa. Wewe umemzulia Ambrosi? Wewe?"

Ambrosi alinyoosha mkono aichukue simu amweleze ukweli. Mujtaba akauzuia. Nyuma ya sauti ya mkewe alimsikia Himmat akiwaambia wengine wanyamaze wapate kusikia, na alijua kwamba jibu lake, lolote lile, lingekuwa jukwaani kabla ya alasiri.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni maneno yangu."