Ngome Iliyopinduliwa

Loice hakuogopa kushindwa. Aliogopa jinsi Omaido alivyokuwa akingoja. Mwanajeshi huyo mstaafu wa Rubongi hakucheza mianzo yoyote ya sataranji ya vitabuni, wala ile ambayo programu ya simu ilimfundisha Loice kati ya mteja na mteja, kibandani pake pa viatu vya mitumba kule Busia. Alisogeza kete kidogo, akakunja mikono, akamtazama.

"Mzee, leo unarudi Rubongi mikono mitupu," kaka yake Loice, Lenox, alichokoza.

"Rubongi haihami, kijana. Mimi nangoja tu."

Watu waliojaa ukumbi wa kanisa pale Tororo walicheka. Mshindi ndiye angekwenda Kampala kuwakilisha klabu ya mpakani. Nafasi ilikuwa moja.

Kete zikapukutika, wakabaki wafalme na kitunda kimoja kimoja, kete ndogo kuliko zote. Loice akapumua. Miisho ya namna hii aliijua kama njia ya sokoni. Kitunda chake kingefika kona kwanza, kigeuke malkia, na malkia angeilinda kwa mshazari kona ya pili, ambako kitunda cha Omaido kilibakiza hatua moja.

Akakifikisha. Malkia wake aliyeliwa alikuwa chini ya kiganja cha Omaido, na kile kiganja hakikusogea. Loice hakutaka kuomba. Akachukua ngome iliyoliwa, akaisimamisha kichwa chini iwe malkia, kama wafanyavyo Busia ambako kete hazitoshi kamwe, akabonyeza saa.

Omaido akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni ngome, binti yangu."

"Mzee, acha mzaha! Si unaona nimeipindua?"

"Mimi naona ngome."

Mwamuzi, Provia, akaja, akainama juu ya ubao kwa muda. "Kwa sheria ni ngome, Loice, hata ikipinduliwa. Ungesimamisha saa, uniombe malkia."

Kwenye simu malkia hujitokeza mwenyewe. Loice hakuwahi kumwomba mtu. Sasa ngome yake iliona mbele na pembeni tu, na kona ya pili haikuwa na mlinzi.

Omaido akasogeza kitunda chake hatua ile moja. Akasimamisha saa, akanyoosha mkono bila haraka.

"Nipe malkia wangu."

Loice akamtafuta kati ya kete alizokula, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe.