Waliosaidia Hapa na Pale

Msichana ambaye wenzake walimwita Mama Mchwa alikwenda kusoma jina lake ukutani. Usimcheke. Mtu akihangaika na kitu miezi mitatu, ana haki ya kwenda kukitazama kikitundikwa, kama mama anavyokwenda kumtazama mwanawe akipewa cheti, hata cheti chenyewe kiwe cha kufagia vizuri.

Chuoni kwao kila mwaka idara zote hualika wanafunzi wa mwaka wa pili wafanye utafiti bega kwa bega na wahadhiri. Tangazo lilisema hivyo hivyo, bega kwa bega, wala halikusema bega la nani litabeba mzigo. Wa historia walipelekwa kwenye chumba cha nyaraka kula vumbi. Wa muziki walitumwa kurekodi nyimbo za kubembelezea watoto, wakarudi na vilio vya watoto. Mama Mchwa aliomba idara ya wadudu, kwa hiari yake na akili zake timamu, akakabidhiwa kwa Profesa Hakika. Jina hilo profesa alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuwahi kufungua kinywa bila neno hilo kutangulia, hata alipokuwa akiagiza chai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini palikuwa na sanduku la kioo lenye udongo, kadibodi iliyolowa na mchwa wasio na idadi. Juu ya kioo ulichorwa mstari mwekundu. Mama Mchwa aliketi kwenye stuli yenye mguu mmoja mfupi, akashika kidude cha kuhesabia, kile cha kubonyeza kwa kidole gumba, na kwa dakika kumi akambonyezea kila mchwa aliyevuka mstari. Asubuhi mara moja, alasiri mara moja. Kisha akaandika kwenye daftari kwa wino, maana sheria ya maabara ni kwamba hakifutwi kitu: ukikosea unakata kwa mstari mmoja na kutia sahihi, ili kosa lako liishi milele mbele ya macho ya watu. Siku ambayo hukuhesabu unaandika kwamba hukuhesabu, na kwa nini. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa wiki kumi na mbili, mpaka kidole gumba kikaota sugu na ndotoni akawa anawabonyezea watu wanaovuka barabara.

Sasa bango lilikuwa limetundikwa kwenye korido, siku moja kabla ya maonyesho. Juu yake palikuwa na majina mawili. La kwanza la Profesa Hakika. La pili la Daktari Chaja, msaidizi wake, aliyeingia chumba cha mchwa mara moja tu katika uhai wake, kuulizia soketi ya kuchajia simu.

Mama Mchwa alisoma kwenda chini. Akasoma tena. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, paliandikwa: "Waandishi wanamshukuru fundi wa vioo, mlinzi wa jengo, na wanafunzi waliosaidia hapa na pale."

"Hapa na pale," alisema.

"Wapi?" aliuliza rafiki yake Makabrasha, wa historia, aliyekuja kumsindikiza huku nywele zake bado zina vumbi la nyaraka.

"Hapo. Mimi ndiye hapa na pale."

Makabrasha akainama akasoma. "Shoga, fundi wa vioo kakutangulia."

"Nimeona."

"Na mlinzi."

"Nimeona, Makabrasha!"

Damu ilimpanda hadi masikioni. Lingekuwa suala la sifa tu, angetukana kimoyomoyo akaenda kula. Lakini mfukoni alikuwa na fomu. Mwanafunzi akitaka mwaka wa tatu apewe meza yake ya maabara na utafiti wake mwenyewe, sharti fomu ioneshe kazi moja ambayo jina lake limo miongoni mwa watafiti, na sahihi ya mhadhiri chini yake. Fomu zilikuwa zinafungwa kesho saa kumi. Mama Mchwa alikuwa ameitaka meza ile tangu siku ya kwanza alipoona mchwa mmoja akirudi nyuma kumfuata mwenzake aliyepotea, akajiuliza anajuaje. Hakuna swali lingine duniani lililomkosesha raha kiasi hicho, hata la wavulana.

Alikwenda ofisini kwa profesa akagonga, akaingia kabla ya kuambiwa aingie.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Hakika niko katikati ya jambo."

"Jina langu halimo kwenye bango."

Profesa alivua miwani akaifuta taratibu. "Hakika umetajwa kwenye shukrani."

"Nimeitwa wanafunzi waliosaidia hapa na pale. Niko peke yangu, Profesa. Na sikusaidia hapa na pale, nilikuwa pale pale kila siku."

"Binti yangu," alisema profesa kwa sauti ya mtu anayemtuliza mbuzi siku ya kuchinjwa, "wewe ulihesabu. Kuhesabu ni kazi ya vidole. Utafiti ni kufikiri. Hakika tukiandika kila aliyeshika kitu, tutamwandika na mchwa."

Akacheka mwenyewe. Mama Mchwa hakucheka. Alifunga mlango kwa adabu zote alizofundishwa nyumbani, na adabu hizo zilimwuma meno.

Alirudi mbele ya bango kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kupeleka hasira. Ndipo kwa mara ya kwanza alipolitazama lote, badala ya kutafuta jina lake. Kichwa cha habari kilisema: "Utulivu wa Pamoja: Mzunguko wa Siku Saba katika Mwenendo wa Mchwa." Chini yake palikuwa na mchoro. Mstari ulikwenda juu siku sita kama mgongo wa ngamia, na siku ya saba ukaanguka hadi sifuri. Juu siku sita, chini moja. Mara kumi na mbili.

Alifungua daftari lake. Akaweka kidole kwenye mchoro, kingine kwenye ukurasa. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Nini tena?" Makabrasha aliuliza.

"Jumapili."

"Jumapili imefanya nini?"

"Jumapili mlinzi anafunga jengo. Siingii. Niliandika, ona: sikuhesabu, mlango umefungwa. Sikuhesabu, mlango umefungwa. Zote kumi na mbili. Halafu huyu Chaja alipokuwa anaingiza namba kwenye kompyuta, penye maneno akaweka sifuri."

Makabrasha alitazama bango, akatazama daftari. "Kwa hiyo mchwa…"

"Mchwa wako kazini kama kawaida! Aliyepumzika ni mimi!"

Makabrasha alicheka mpaka akashika ukuta. "Usimwambie! Nakuapia, nyamaza. Kesho asimame mbele ya wageni aeleze jinsi mchwa wanavyokwenda ibada."

Ushauri huo ulikuwa mtamu mno, na Mama Mchwa aliulamba kwa muda. Lakini namba zile zilikuwa zake. Alizilea. Kuziona zimesimamishwa ukutani zikisema uongo kulimchoma kuliko jina. Akarudi ofisini. Safari hii aligonga akangoja.

"Profesa, kuna kosa kwenye…"

"Binti!" Sauti ilitoka ndani, mlango haukufunguka. "Suala la jina tumelimaliza. Hakika usinirudishe nyuma."

"Si jina, ni Jumapili."

"Basi njoo Jumatatu."

Haya. Mwenye masikio asiposikia, lawama si ya mdomo.

Kesho yake saa nane ukumbi ulijaa. Mama Muhuri, mratibu wa programu nzima, aliyekuwa akitembea na muhuri wake mkobani kama wengine wanavyotembea na dawa ya presha, aliketi mbele. Profesa Hakika alisimama kando ya bango lake na fimbo ya kuelekezea.

"Hakika," alianza, "sisi binadamu tunadhani tumegundua pumziko. La hasha. Mchwa, kila siku ya saba, huingia katika utulivu wa pamoja."

Mgeni mmoja kutoka chuo kingine, mwanamke mfupi mwenye daftari lake, akanyanyua mkono. "Profesa, sifuri kamili? Hata mmoja asivuke?"

"Hata mmoja. Hakika ni nidhamu ya ajabu."

Mama Mchwa alisimama.

"Siku ya saba ni Jumapili," alisema. "Jumapili jengo linafungwa. Hakuna aliyehesabu. Niliandika kwenye daftari kwamba sikuhesabu, ikawekwa sifuri. Jana nilikuja kusema, nikaambiwa nije Jumatatu."

Ukimya uliofuata ulikuwa, hakika, utulivu wa pamoja. Kisha mtu nyuma akaguna, mwingine akapasuka, na ukumbi mzima ukacheka mpaka fundi wa vioo aliyeshukuriwa akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Daktari Chaja aligundua ghafla kwamba kuna jambo muhimu sana kwenye simu yake.

Profesa alinyanyua fimbo. "Tusikilizane! Hakika, kama kuna kosa, ni la aliyekusanya takwimu. Kazi yote ya maabara aliifanya huyu binti. Yote! Mwanzo hadi mwisho. Mimi sikugusa namba hata moja."

Hapo ndipo hasira ya Mama Mchwa ilipoacha kuchemka ikawa baridi kama chuma. Jana alikuwa vidole. Leo, kwa kuwa kuna aibu ya kugawana, amekuwa mtafiti mkuu.

Alitembea hadi mbele, akampa yule mgeni daftari. Mgeni akalipekua, ukurasa kwa ukurasa, huku watu wakisubiri.

"Hapa pameandikwa sikuhesabu," mgeni alisema. "Na hapa. Na hapa. Zote zina sahihi. Kosa halimo humu."

"Mama," Mama Mchwa akamgeukia Mama Muhuri, "umemsikia Profesa. Kasema kazi yote ya maabara niliifanya mimi, mwanzo hadi mwisho. Naomba aandike alivyosema."

Akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya meza mbele ya profesa. Mama Muhuri alimtazama profesa, kisha akafungua mkoba polepole na kutoa muhuri. Kukataa kungemaanisha amesema uongo dakika mbili zilizopita, na mashahidi ni ukumbi mzima.

Profesa Hakika alichukua kalamu. Akaivuta fomu. Akainama kwenye mstari wa kwanza, pale panapoandikwa jina la mtafiti, na kalamu ikasimama hewani. Ikakaa pale. Shingo yake ikaanza kutoa jasho.

"Binti," alinong'ona, "unaitwa nani vile?"

Wiki kumi na mbili. Mama Mchwa alihisi machozi ya hasira yakija, akayarudisha yalikotoka.

"Siku hizi sisikii vizuri, Profesa. Uliza kwa sauti."

"Unaitwa nani?" Safari hii ukumbi wote ulisikia. Hakuna aliyecheka.

Akamtajia majina yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake, moja moja, kwa sauti ya mwalimu anayesomesha imla, na kila jina lilipoandikwa alilitazama mpaka wino ukauke ndipo akataja linalofuata. Mama Muhuri akagonga muhuri mpaka meza ikalia. Mama Mchwa akaichukua fomu, akaipita fimbo ya kuelekezea iliyoanguka sakafuni bila kuiokota, na hakusema ahsante.