Mkono wa Dinayao

Oyammay alikuwa ameolewa kijiji cha Lubtok miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo hakuna aliyemkumbusha alikotoka. Alipanda mpunga wao, akamzika mume waliyempa, na miaka sita hii alikuwa akimlisha mama mkwe wake, Sabayan, kijiko kwa kijiko. Bibi huyo kipofu, mikono imejaa michoro ya chale hadi mabegani, alikuwa mkorofi hasa. Mtu mwingine akimnywesha maji, aliyatema.

Kisha kijana wa Dinayao, kijiji alichozaliwa Oyammay, akamchoma kisu mjukuu wa Sabayan katika ugomvi wa walevi mjini Tabuk, na mjukuu huyo akafa. Bodong, mkataba wa amani uliounganisha vijiji hivyo viwili tangu enzi za mababu, ukakatwa. Na bodong ikikatwa, chakula nacho kinagawanyika. Ndugu wa marehemu haonji kitu kilichopita mkononi mwa mtu wa upande wa pili, hata maji. Akionja, tumbo huvimba na kikohozi humla hadi afe. Lubtok kuna watu wenye digrii zao ukutani, lakini hilo hakuna anayethubutu kulijaribu.

Wazee walikaa kutwa nzima kumjadili Oyammay. Langgaman, aliyekuwa mlinzi wa mkataba huo, alimtetea sana: abaki nyumbani kwake, asiguswe na mtu, aje ngomani kama zamani. Ila vyungu asivishike.

"Wewe ni wetu," alimwambia. "Mkono wako ndio wa Dinayao."

Oyammay alitaka kucheka, akashindwa. Mkono huo ulikuwa umeosha kila mtoto wa ukoo ule.

Tatizo likawa bibi. Habari za mjukuu alifichwa, wakihofia zingemmaliza, na siku mbili mfululizo alikataa maji ya Kuyapi, mke wa mwanawe Gunnawa. Siku ya tatu Gunnawa mwenyewe, aliyetoka kumzika mwanawe huyo aliyechomwa kisu, alimjia Oyammay macho yamemwiva.

"Shemeji, nimwambie umerudi kwenu. Akijua hupo, atakula."

"Mwambie."

"Na usitoe sauti. Akikusikia tu, basi tena."

Alikubali, kwa sababu naye aliuamini mwiko ule tangu utotoni. Afadhali achukiwe kuliko amuue bibi kwa kijiko cha uji.

Akaketi kando ya meko, hatua tatu kutoka kwenye mkeka. Gunnawa akasema uongo wake. Bibi akamgeuzia uso.

"Aliniaga?"

"Hapana, mama."

"Kumbe alikuwa mgeni tu," Sabayan alisema. "Haya, leteni hayo maji."

Alikunywa, kisha akala bakuli zima la uji kutoka mkononi mwa Kuyapi, huku Oyammay ameuma pindo la kitambaa chake ili kilio kisimtoke. Iliuma kweli. Na kilichouma zaidi ni kwamba alifurahi kuona bakuli tupu.

Siku tisa alikaa humo kama mwizi. Alifagia pekupeku, akafua matandiko ya bibi na kuyaacha mlangoni ili Kuyapi ndiye ayaingize. Bibi alimsema kila siku, kwamba watu wa Dinayao hawana shukrani, ungewapa hata moyo wako. Siku ya kumi, saa sita mchana, Sabayan akakata roho.

Wakamvika shanga zake na kumketisha kwenye kiti cha maiti, na wanawake wakaanza kupokezana pembeni yake, wakizungumza naye na kumlilia kama desturi ilivyo. Langgaman alimgeukia Oyammay. Maiti hali wala hanywi, alisema, kwa hiyo hakuna tena la kumzuia.

Oyammay akasogea. Akaushika ule mkono wenye chale, umekwisha poa.

"Mama," alisema, "sikuondoka. Nilikuwa hapa, karibu na meko. Siku zote tisa nilikuwa hapa."

Akangoja kidogo. Kisha akalirudia neno lile lile kwa sauti ya juu zaidi.