Picha ya Mwaka Elfu Mbili

Léa aliishika picha yake kwa ncha za vidole, maana wino ulikuwa bado mbichi. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya kilichoshonwa wiki iliyopita, shingo kaiinua kama bibi harusi. Lakini pembeni, chini kabisa, mashine ilikuwa imeandika tarehe ya kwanza Januari, mwaka elfu mbili.

"Donatien, mwaka elfu mbili nilikuwa msichana wa Mulenge, nachunga ndama wa baba," alisema akicheka. "Kitenge hiki nilikitoa wapi?"

Mpiga picha naye alicheka. "Usiijali hiyo, mama. Watu walitabiri kwamba mwaka ule ukiingia kompyuta zote zitakufa. Hii yangu haikufa, ila ndiyo haijatoka huko. Umeme ukikatika tu, inarudi palepale. Nusu ya Uvira wamepigwa picha siku moja!"

Léa aliacha kucheka, akaikumbuka picha nyingine.

Kabla ya Pasaka, jirani alikuwa amemletea picha ya mumewe, Manassé, ameketi na mwanamke wa Makobola, kapakata kitoto kichanga. Léa alilipuka. Aliipeleka kwa wazee wa kanisa, akamshtaki mumewe mbele yao. Manassé hakubishana. Aliweka kidole kwenye tarehe ya pembeni, mwaka elfu mbili. "Wakati huo Léa simjui hata kwa jina," alisema, na sauti ikamkatika. Mtoto yule, alieleza, alikufa kwa surua kabla hajatembea, na mama yake akavukia Burundi. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Macho ya Léa yalikuwa yamemwambia kwamba mwanamume wa pichani ndiye huyuhuyu wa leo, nywele zilezile zilizoanza kurudi nyuma, lakini aliyakana macho yake. Nani abishane na mashine? Alipiga magoti, akamwomba mumewe msamaha hadharani. Na tangu siku hiyo, jamani, alikuwa akimlilia mtoto yule kila alipoomba, kama aliyemzaa mwenyewe.

"Manassé anajua kwamba mashine yako iko hivi?" aliuliza.

"Atakosaje kujua? Si yeye ndiye fundi wangu? Kila mara namwambia, kaka, nibadilishie betri ya saa humo ndani. Jibu lake ni kesho." Donatien alikuwa akifuta lenzi, hata hakumtazama. "Na yule mpwa wenu wa Makobola amekua kweli! Nilimpiga picha akiwa mchanga. Juzi kaja na Manassé, hatulii kwenye kiti."

Mtoto yu hai. Furaha ilimfikia Léa kabla ya hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hata furaha hiyo alikuwa amefichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu wake alikuwa amekula hadi machozi.

"Mpigie simu," alisema. "Mwambie mashine imekufa, aje sasa hivi."

Manassé aliingia akipiga mluzi, mkoba wa vifaa begani. Alipomwona mkewe ameketi na picha mapajani, mluzi ulikoma. Alitazama picha, akatazama ile tarehe, kisha akainama kuifungua kompyuta. Betri alikuwa nayo mkobani. Aliibadilisha upesi, mashine ikawaka, ikamtaka aandike tarehe ya leo. Vidole vyake vilisita juu ya vitufe.

"Andika," alisema Léa.

"Léa, twende tukazungumze nyumbani."

"Nyumbani nimekaa matanga ya mtoto aliye hai, weye ukinitazama! Ulinipigisha magoti, Manassé. Mbele ya watu."

Donatien alitoka nje taratibu, akavuta mlango nyuma yake. Manassé aliketi sakafuni, bisibisi bado mkononi.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Hayo yetu sisi wawili bado nayafikiria. Ila kesho mlete huyo mtoto. Nimemlilia mno. Nataka nimshike mkono, nijue una joto."