Nundu Chini ya Mwiba

Tangu asubuhi kiti hakikaliki. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Kesho saa nne natetea tasnifu yangu ya udaktari, miaka mitano ya jasho, na leo kompyuta imeamua kunisuta.

Kazi yangu ni nyota zinazolipuka, hasa zile zilizovuliwa kabla ya kufa: koti la nje la haidrojeni limekwenda, chini yake labda imebaki heliamu. Nimejaza kurasa mia mbili nikidai kwamba nyota zangu sita hazikubakiwa na haidrojeni hata chembe. Hata chembe! Niliandika hivyo, tena kwa kiburi.

Sasa, mwanga wa mlipuko hutufikia umechanganyika na wa mawingu ya gesi ya jirani. Mawingu nayo yana haidrojeni yake, inayojitokeza kwenye mchoro wa rangi za mwanga kama mwiba mwembamba. Sisi hapa huukata kwanza huo mwiba, tunaziba pengo kwa mstari ulionyooka, ndipo tunapima. Leo, katika kutafuta picha nzuri ya kuwaonyesha watahini, nikafungua mchoro wa nyota ya tatu kabla haujakatwa. Jamani! Chini ya mwiba palikuwa na nundu pana. Mwiba ni wa mawingu, sawa. Lakini nundu pana namna ile ni ya nyota yenyewe, gesi yake inayotimua mbio baada ya mlipuko, mbio zinazoutanua mwiba ukawa nundu. Haidrojeni. Kila tulipokata mwiba, tulikata na nundu.

Simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, shangazi zako wote wanakuja. Nimewaambia kesho tuna daktari nyumbani."

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini tena? Mbona unanitisha?"

"Hamna kitu," nikamdanganya.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Watahini wangeona michoro iliyokatwa, wangenipa mkono, basi. Niliwaza hivyo dakika nzima na nikajichukia. Nikapiga moyo konde, nikabeba kompyuta hadi ofisini kwa Profesa, msimamizi wangu, mtu asiyependa kubishiwa hata kuhusu hali ya hewa.

Akatazama.

"Nani alikufundisha kukata kwa upana huu?"

Ala! Nilitaka kulia, nilitaka kupiga meza. "Si wewe, Profesa?"

"Najua."

Akafungua faili la zamani, la nyota iliyompa sifa alipokuwa na umri wangu, ile ambayo wanafunzi wote hufundishwa kuwa ilivuliwa ikabaki tupu. Akautafuta mchoro ambao haujaguswa. Nundu ilikuwepo, kubwa kuliko yangu.

"Kesho nitasema nini?" nikauliza.

Akavua miwani, akajipangusa uso. Sikuwahi kumwona amechoka hivyo.

"Badilisha slaidi ya kwanza," akasema. "Andika kwamba tumekosea miaka ishirini na mitatu. Anza na jina langu."